Bomba Linalokohoa

Kichwa chake kilikuwa ndani ya pipa. Kilichobaki nje ni gauni la njano lililomkaa vizuri mno kwa mahali kama pale, na visigino viwili vilivyonyanyuka kutoka kwenye viatu. Kumzunguka, wauzaji wa mapipa na mabomba yaliyokwishatumika walikuwa wakivutana na wateja, mikokoteni ikipita, nyundo zikigonga mabati. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kushangaa, isipokuwa kinyozi mmoja aliyekuja kutafuta chombo cha maji ya saluni yake.

“Dada, humo kuna mtu?”

“Nipo mimi,” pipa likajibu. “Kama unalitaka hili, tafuta jingine.”

“Nilitaka kujua tu kama umeanguka au umehamia.”

Kichwa kikatoka, pamoja na uso uliokuwa ukijizuia kucheka. Alikuwa fundi cherehani. Pini zilimeta kwenye kola yake na utepe wa kupimia ulining'inia shingoni. Akamweleza kwamba pipa lililowahi kubeba dawa huua samaki, na yeye hana kipimo kingine ila pua. Kinyozi akaomba kusaidia kunusa. Akazama, akakaa humo kidogo, akatoka akisema linanuka sabuni kwa mbali na manukato kwa karibu.

“Manukato ni yangu,” fundi akasema.

“Ndiyo maana nilichelewa kutoka.”

Kinyozi alilibeba pipa mpaka kwa fundi, na njiani akaelezwa yote. Uwani kulikuwa na tangi. Juu yake, kwenye matofali, kitalu cha mbao kilichojaa kokoto. Samaki wataishi tangini, pampu itapandisha maji yao machafu kitaluni, mboga zitakula ule uchafu, na maji yatarudi chini yakiwa safi. Pipa lilikuwa la kulazia maji ya bomba, dawa ya kuyatakasa iishe kabla hayajafika kwa samaki.

Kazi hiyo aliianza mumewe. Alikata mabomba, akaosha kokoto kwa mikono yake, beseni baada ya beseni, akiimba vibaya. Kisha asubuhi moja akatoka kwenda kununua pampu, na barabarani gari likamkuta. Alirudi amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo mama yake, aliyeishi nao, hakutaka jiwe hata moja lisogezwe, mpaka mkwe wake aliposema, “Mama, tuimalizie kazi yake, au itatumaliza sisi.”

Fundi na kinyozi hawakujua lolote kuhusu mabomba, na hilo liliwasaidia kupendana. Waliunganisha pampu kinyumenyume, shati jeupe la kinyozi likalowa tope hadi kwenye kola. Walibishana wee kuhusu bomba la katikati ya kitalu, lile lililosimama wima na kufunikwa na jingine pana lenye kofia. Kazi yake ilikuwa kungoja maji yapande hadi juu, kisha kuyanyonya yote kwa pamoja na kuyarudisha tangini. Marehemu alikwisha kulikata. Wao walilikaza tu.

Siku ya kwanza ya maji, walisimama watatu wakitazama. Maji yalipanda taratibu kati ya kokoto. Yakafika juu, yakatulia kidogo. Halafu bomba likavuta pumzi, likakohoa. Kikohozi kizito, cha kukatika mara mbili.

Mama mkwe akashika ukuta.

Kinyozi pekee hakuelewa. Marehemu hakuwahi kuingia ndani, hata kwake mwenyewe, bila kukohoa mlangoni na kungoja aambiwe apite. Alisema mwanaume anayewashtua wanawake nyumbani kwao anastahili mwiko wa kichwa. Na kikohozi chake kilikuwa hicho hicho.

“Pita, mwanangu,” mama akasema, akitazama kokoto.

Midomo ya fundi nayo ilitikisika. Haikutoa sauti, lakini neno lilikuwa lile lile.

Perege wakatiwa tangini, mchicha ukapandwa, na mapenzi nayo yakashika mizizi. Simu zilikuwa za mchana, mashine ya kunyolea ikinguruma upande mmoja na cherehani upande mwingine.

“Umekula, mpenzi?”

“Bado. Nimelisha samaki kwanza.”

“Nilijua nitakuwa na wapinzani. Sikujua watakuwa na magamba.”

“Wao hawanisumbui na simu.”

Lakini jioni, kila mara kinyozi alipousogelea mkono wa fundi pale uwani, bomba lilikohoa, na mkono ukaondoka. Mama alikuwa akitoa kiti cha mwanawe nje, akikifuta vumbi. Fundi mwenyewe aliacha sentensi katikati ili kulisikiliza bomba. Siku moja kinyozi akatania, “Mumeo ana saa, kila mtu akikaribia anakohoa.” Fundi alicheka. Kinyozi alicheka pia, ila macho yake yalibaki kwenye kile kiti.

Ikatokea alasiri fundi amekwenda kumpima bibi harusi, mama amelala. Kinyozi alikuja na brashi, akitaka kufanya jambo la kupendeza. Kokoto zilikuwa zimevaa utelezi wa kahawia unaonuka tope. Akazitoa, akazisugua kwa maji ya bomba hadi zikang'aa kama mayai, akazirudisha kitaluni. Akafungua kofia ya bomba, akaisafisha, akairudisha. Maji yakapanda, yakafika juu, yakaanza kuchuruzika taratibu. Bila kikohozi.

Alingoja. Alijua anachongoja. Kisha akakusanya brashi yake, akaondoka.

Fundi aliporudi alimkuta mama mkwe amekaa akikikabili kitalu, mikono mapajani.

“Leo hajaja,” mama akasema.

Simu ilipigwa palepale.

“Umemfanya nini?”

“Nani, mpenzi?”

“Unamjua.”

“Nimeosha kokoto tu. Nilitaka ukirudi ufurahi.”

“Zile kokoto aliziosha yeye. Ulikuwa hupendi kumsikia, ukamzima.”

Kinyozi alifungua mdomo kusema hapana, na hapana ikakwama. Kule kunyamaza kwake fundi alikusikia vizuri kuliko jibu. Akakata simu.

Nyumba ikaingiwa na kimya cha namna mbaya. Perege wakaanza kupanda juu ya maji na kutanua midomo, kana kwamba kuna jambo wanaloomba. Kila asubuhi mmoja alielea ubavu. Mchicha ukageuka manjano. Fundi alibadilisha chakula, akapunguza jua kwa shuka kuukuu, na hilo shuka likawa kosa kubwa zaidi: mama alipoliona limefunika tangi, aliingia ndani na hakutoka tena siku hiyo. Kazi ya marehemu ilikuwa ikifa mikononi mwao, naye alikuwa akifa nayo mara ya pili. Kinyozi alipiga simu, na simu ikaita mpaka ikachoka.

Jibu alilipata kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea. Mteja mmoja, mfugaji wa samaki, aliposikia habari ya kokoto kung'aa, alitoa kichwa chake chini ya mashine. Ule utelezi, alieleza, ndio uhai wa kitalu. Ni vijidudu visivyoonekana, vinavyougeuza uchafu wa samaki kuwa chakula cha mboga. Kuvisugua, tena kwa maji yenye dawa, ni kuwaacha samaki wafe kwa uchafu wao wenyewe. Huchukua wiki nyingi kuota upya, isipokuwa ukiazima kwa mwenye navyo. Wakaondoka wote wawili kwenda kwenye kitalu cha mteja huyo, kichwa chake kimenyolewa nusu.

Kinyozi akapiga namba ya mama.

“Wewe ndiye uliyemnyamazisha mwanangu?”

“Ni mimi, mama.”

“Basi njoo uniambie nikikuona. Kwenye simu mtu husema chochote.”

Alifika na ndoo iliyofunikwa kitambaa. Fundi alisimama mlangoni, mikono kifuani.

“Wenzako wakija kuomba radhi huleta zawadi,” alisema.

“Nimekuletea uchafu.”

Akafunua ndoo. Kokoto nyeusi zenye utelezi, zinanuka kama kisima kilichosahaulika. Akaeleza kosa lake bila kulipamba: wasiwalishe samaki kwa siku chache, wabadilishe sehemu ya maji kwa yale yaliyolala pipani, wachanganye kokoto hizi na zile.

“Na bomba?” fundi akauliza.

“Kofia sikuikaza. Inaingiza hewa.” Akameza mate. “Sikukusudia kulizima. Lakini liliponyamaza nilijua, na nikafurahi. Hilo ndilo kosa langu. Lile la kokoto ni ujinga tu.”

Fundi akasogea, akampisha mlangoni. Walifanya kazi pamoja bila utani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kinyozi alikaza kofia kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemrudisha mwenzake kwenye kiti alichomnyang'anya. Maji yakapanda. Bomba likavuta pumzi, likakohoa.

“Pita, mwanangu,” sauti ya mama ikatoka dirishani, imelegea kwa machozi.

Kinyozi akamtazama fundi. Midomo ya fundi ilifunguka, ikabaki hivyo. Basi kinyozi akachukua ndoo yake tupu, akaaga, akaenda.

Siku zikapita kabla simu yake haijaita.

“Perege wanakula,” fundi alisema. “Mchicha umeamka.”

“Nimefurahi, fundi. Kweli.”

“Njoo uone.”

“Nije kama nani?”

Upande wa pili cherehani ilisimama.

“Utajua ukifika mlangoni.”

Alikuja jioni, shati lile jeupe limepigwa pasi, doa la tope bado kwenye kola. Mlango ulikuwa wazi. Ndani aliwasikia wanawake wawili wakiongea chini kwa chini. Hakuita. Akasimama nje ya kizingiti, akakohoa. Kikohozi chembamba, cha mtu aliyeogopa, hakikufanana na cha mtu yeyote.

Maongezi yakakatika. Uwani maji yalikuwa bado yanapanda. Bomba lilikuwa halijafikia zamu yake.

Mama mkwe aliinua uso, akasikiliza, akamgeukia mkwe wake aliyekuwa kwenye cherehani, midomo imebana pini.

“Huyo si wangu,” akasema. “Wangu nitamjibu mwenyewe akifika. Huyo anakungoja wewe.”

Fundi akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo hadi ya mwisho.

“Pita,” akasema.