Mikato katika Uzito wa Mucyo

Kila Jumamosi, Rayhana alipomaliza kuosha vyombo na kufagia ua, alikwenda kwa shangazi yake Saidati katika kituo kidogo cha lishe mjini Gisenyi. Mwaka huo wa 1999 kompyuta zilikuwa chache, na watoto wengi waliziona kupitia dirishani tu. Rayhana, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameanza kuziandikia programu. Alikuwa na kichwa chepesi, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri.

Saidati, aliyesomea kompyuta Tanzania kabla ya kurudi nyumbani, alikuwa amempa kazi ya kweli. Wauguzi wa Nyamyumba, nje ya mji, walileta disketi yenye habari za watoto waliopimwa. Kila mtoto alikuwa na mstari wake: jina, uzito wa mwezi uliopita, uzito wa mwezi huu, vyote vikitengwa kwa mkato. Programu ya Rayhana ilisoma mstari herufi kwa herufi. Kila ilipokuta mkato ilikata, kisha ikaweka kipande mahali pake. Kisha ililinganisha uzito wa miezi hiyo miwili, na mtoto aliyepungua alipewa unga wa uji. Rayhana aliijaribu kwa mifano yake mwenyewe, mtoto wa kilo 8, mtoto wa kilo 9, nayo ikakata sawasawa.

"Umefanya kazi ambayo watu wazima huisomea chuoni," shangazi alimwambia. Rayhana akavimba kichwa kidogo, na nani angemlaumu?

Asubuhi ya Jumamosi moja Mukantwari, mama kutoka Nyamyumba, alifika na mwanawe Mucyo mgongoni. Saidati alitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine.

"Mama Mucyo, mtoto wako ameongezeka kilo mbili. Leo hatapata unga."

"Kilo mbili?" Mukantwari akamshusha mtoto. "Dada, angalia hii mikono. Mi namubeba kila siku, anakuwa mwepesi tu. Unga ikikosa, nitamupa nini?"

Kweli, mikono ya Mucyo ilikuwa myembamba mno. Saidati akakunja uso. "Basi muuguzi ameandika vibaya. Nitampelekea maneno makali."

Rayhana aliufungua mstari wa Mucyo kwenye kioo cha kompyuta: Mucyo,7,9,7,2. Huko Gisenyi, kama shule zilivyofundisha kwa Kifaransa, kilo saba na sehemu tisa za kumi huandikwa kwa mkato badala ya nukta: 7,9. Muuguzi alikuwa ameandika kwamba Mucyo ameshuka kutoka 7,9 hadi 7,2. Programu haikujua mkato upi ni wa kutenga na upi ni wa ndani ya namba. Ilikata yote, ikaona 7, kisha 9. Mtoto aliyekonda akahesabiwa kuwa amenenepa.

Rayhana angeweza kunyamaza. Muuguzi angekemewa, na yeye angebaki fundi anayesifiwa. Lakini Mukantwari alikuwa ameshaanza kumfunga mtoto mgongoni ili aondoke.

"Shangazi, muuguzi hana makosa," alisema. "Makosa iko yangu. Nilijaribu na namba nyepesi tu. Zile ziko na mkato ndani sikuziwaza."

Saidati alisoma mstari ule, akamgeukia mama. "Mama Mucyo, ngoja. Unga wako upo."

Mukantwari alipoondoka na unga wake, Rayhana alikaa kitini. Mstari kwa mstari, alibadilisha mikato ya kutenga ikawa nukta mkato, akaiacha ile ya ndani ya namba, kisha akaiagiza programu ikate penye nukta mkato peke yake. Chai yake ilipoa bila kuguswa. Walipokagua pamoja, walikuta watoto wengine wawili waliopungua, ambao mama zao walikuwa wamerudishwa asubuhi hiyo mikono mitupu.

Saidati alipakia unga wao kwenye mfuko, akamwita dereva wa pikipiki.

"Tunakwenda Nyamyumba, mimi na wewe," alisema. "Mashine hukata pale unapoiambia ikate. Haimjui Mucyo, wala haijui njaa. Kwa hiyo jaribu kazi yako kwa habari za watu wa kweli, usiijaribu kwa zile zinazokufurahisha. Nilikusifu kwa programu, mwanangu. Leo najivunia zaidi kwamba ulisema umekosa kabla mama yule hajavuka mlango."