Hakuna na Sijaona

Walimwita Cherehani, na aliyempa jina hilo ni mama yake mzazi. Mama alikuwa mshonaji. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: meza ya kukatia, mashine ya kukanyaga kwa miguu, na magauni ya wateja yaliyoning'inia ukutani kama watu wanaosubiri zamu. Kila asubuhi ya likizo msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikaa karibu na dirisha akifumua pindo na kuokota vifungo, na miguu yake ilicheza chini ya kiti bila kupumzika.

"Ningekufunga sindano kwenye kidole gumba cha mguu," Mama alisema Jumamosi ile, bila kuinua macho, "ungenishonea sare za shule nzima."

"Mama, jua limefika wapi?"

"Limefika pale pale ulipoliulizia mara ya mwisho. Nipe bobini."

Alimpa bobini, akasimama, akakaa, akasimama tena. Mama alikuwa amekwisha kuacha kumtajia methali ya haraka na baraka. Alisema mtoto ameizoea kama sabuni, haimchomi tena.

Leo ilikuwa zamu ya Cherehani kutazama ndege. Chama cha watazama ndege kilikutana nyuma ya duka la mikate, na kiongozi wake alikuwa mwoka mikate mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye wote walimwita Mama Mkate. Alikuwa akiamka kabla ya ndege, na mikate ikishatoka tanurini huvua aproni na kujivika darubini shingoni. Kila msimu aliwapeleka watoto safari moja: mvua zikianza, kwenda msituni kutazama ndege wakijenga viota, mvua zikikoma, kwenda mashambani, na kiangazi kikikaribia kwisha, kwenda bwawani kuwalaki ndege wageni wanaotoka nchi za baridi.

Safari ya bwawani ilikuwa kesho yake. Safari ya msimu uliopita Cherehani aliiharibu. Siafu mmoja alimpanda mguuni, yeye akaruka, na kundi zima la yangeyange likaondoka kabla wenzake hawajaweka hata darubini machoni. Safari hii Mama Mkate alimwekea sharti. "Kaa zamu yako yote ukingoni, kesho utakwenda bwawani. Usipokaa, utabaki kuniangalizia duka."

Ukingo wenyewe ulikuwa kwenye machimbo ya mchanga, mwisho wa mji. Upande wa udongo mwekundu ulikuwa na matundu mengi, kama ungo uliosimamishwa wima, na ndani ya matundu hayo keremkerem walitaga. Keremkerem ni ndege mwembamba wa kijani, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo, anayewinda nyuki na kereng'ende wakiwa hewani. Msimamizi wa machimbo aliwahurumia. Aliufungia upande ule kamba, akawaambia wachimbaji wasiuguse mpaka makinda yatoke. Lakini sasa wateja walidai mchanga, na subira yake ilikuwa imefika ukingoni. Alikiambia chama: "Kaeni mtazame. Mkiniambia matundu ni matupu, Jumatatu asubuhi nachimba."

Watoto wengine wa chama walikuwa wamekwisha kukaa zamu zao, na kila siku waliwaona ndege wachache kuliko jana. Zamu ya mwisho ndiyo ya Cherehani: kuanzia baada ya chakula cha mchana hadi jua kuzama.

Katika chama kulikuwa na maneno mawili ambayo Mama Mkate hakuruhusu yachanganywe. Mtoto aliyetazama mahali akakosa ndege alisema "sijaona". Aliyekaa zamu yake yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuondoka, ndiye pekee aliyeruhusiwa kusema "hakuna". Watu wa nje waliona ni mchezo wa watoto. Wanachama hawakuyachezea.

Rafiki yake Cherehani, msichana wa miwani aliyeitwa Profesa, alimsindikiza hadi kwenye kamba.

"Kabla sijaondoka, sema haraka: keremkerem kamkamata kereng'ende."

"Keremkerem kamkama... kamkereng... Niache bwana."

"Hata ulimi wako hautulii," Profesa alisema, akaenda zake akicheka.

Cherehani alikaa kwenye jiwe. Alitazama matundu. Matundu nayo yalimtazama. Alihesabu malori yaliyopita, akachoka. Alichora nyumba mchangani, akaifuta, akachora nyingine. Jua lilikuwa kama limepigiliwa misumari. Hakuna ndege aliyeingia wala kutoka, maana kila Cherehani alipobadilisha mkao, kokoto ziliporomoka kwa kelele.

Ndipo akasikia vicheko kutoka barabarani. Vijana walikuwa wakishindana kuendesha baiskeli bila kushika usukani. Alijiambia atachungulia kidogo tu. Alichungulia, akashangilia, akaombwa awe mwamuzi, na mwamuzi haachi mashindano katikati. Aliporudi ukingoni, vivuli vilikuwa virefu na pale pote palikuwa kimya. Juu ya waya wa umeme alitua keremkerem mmoja, kabana kereng'ende mdomoni. Alimtazama Cherehani. Cherehani alimpita mbio, na ndege akaruka.

"Anakula zake huyo," msichana alijiambia. Kwenye matundu hakuona kitu.

Mama Mkate alikuwa akikanda unga wa kesho, mikono myeupe hadi viwiko.

"Enhe?"

"Hakuna."

Mikono ikasimama ndani ya unga. "Hakuna?"

Cherehani aliliona bwawa, akawaona ndege wageni, akajiona yeye amebaki dukani akiuza mikate. "Hakuna, Mama."

Mama Mkate akafuta mikono, akachukua simu, akampigia msimamizi. "Mwanangu amekaa hadi jioni. Anasema hakuna. Ahsante kwa kutusubiri, baba."

Jumapili walipanda gari la kusambazia mikate. Watoto walikaa chini kati ya trei tupu, na njia nzima walinukia kama maandazi. Bwawa lilikuwa limejaa vitwitwi, ndege wageni wadogo waliotembea matopeni haraka haraka, kama watu waliosahau ufunguo. Cherehani aliangalia kila kitu. Alipewa darubini kwanza. Kwa nini basi furaha haikumkaa?

Mdiria mmoja alijitupa majini, akatoka na samaki. Hakumla. Aliruka naye moja kwa moja kuelekea ng'ambo.

"Mbona hamezi?" Profesa aliuliza.

"Anayejilia mwenyewe humeza hapo hapo," Mama Mkate alijibu. "Ukimwona ndege amebeba chakula wala hali, jua nyumbani kuna midomo inamsubiri."

Cherehani aliishusha darubini. Alimwona tena yule keremkerem wa kwenye waya, na kereng'ende aliyebanwa bila kumezwa. Ndege yule hakuwa akila. Alikuwa akingoja mtu aondoke njiani.

Njia ya kurudi, kwa mara ya kwanza, miguu yake ilitulia. Kilichokuwa kikishona sasa ni moyo. Profesa alimgusa bega. "Cherehani, umeishiwa uzi?" Kila mti uliopita dirishani ulimsogeza karibu na Jumatatu. Akisema, kila mmoja garini atajua kwamba safari yake ilikuwa ya wizi. Asiposema, kesho sururu itaingia kwenye udongo mwekundu. Gari liliposimama dukani na wenzake wakashuka, yeye alibaki kati ya trei.

"Mama, jana sikukaa."

Mama Mkate alizima injini.

"Nilikwenda kwenye baiskeli. Nilirudi jioni. Nilimwona mmoja kwenye waya, ana kereng'ende mdomoni, hamezi."

"Ulisema hakuna."

"Nilipaswa kusema sijaona."

"Na mimi nikalichukua neno lako nikampa mtu mwingine kwa mdomo wangu," Mama Mkate alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida, na hiyo ilimuuma mtoto kuliko kelele. Alimpigia msimamizi, simu yake haikupatikana. "Alfajiri mimi niko tanurini, watu wanataka mikate. Utakwenda mwenyewe umwambie. Mwombe mama yako afuatane nawe."

Mama mshonaji alisikiliza habari yote akiwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, kisha akafunika mashine. "Gauni la bi harusi litasubiri," alisema. "Mtu akishona vibaya, hufumua mwenyewe. Tutakwenda."

Asubuhi lori lilikuwa limekwisha kuegeshwa, na wachimbaji wameshika koleo. Kamba ilikuwa imekunjwa na kutupwa chini.

"Shikamoo, baba," Cherehani alisema.

"Marahaba. Umekuja kuaga matundu?"

"Nilikudanganya. Sikukaa zamu yangu. Nadhani makinda bado yamo."

Msimamizi alimtazama mama, akalitazama lori, akamtazama mtoto. "Juzi hakuna, leo wamo. Kesho utaniambia wamefungua duka? Mwanangu, watu hawa hulipwa kwa lori linalojaa. Nikiwasimamisha kwa neno lako, ni neno lipi?"

Hili ndilo lililokuwa gumu kwa Cherehani: safari hii alikuwa akisema kweli, na kweli yake haikuwa na thamani.

"Basi usiniamini," alisema mwishowe. "Anzeni upande wa pili, ule mweupe. Mimi nikae hapa. Lori likijaa na hujaona kitu kwa macho yako, chimba."

Msimamizi alikuna kidevu. "Upande mweupe, vijana," akaamuru.

Cherehani alikaa kwenye jiwe lile lile, akakunja miguu na kuikalia. Koleo zilianza kulia nyuma yake. Jasho lilimtiririka puani na hakulifuta. Mchwa alimpanda kifundoni, akatambaa hadi gotini, akageuka, akarudi. Goti liliomba kuruka, alilinyima. "Dada, ndege wako wako likizo," mchimbaji mmoja alitania. "Shule zimefungwa." Wenzake walicheka. Hakugeuka. Lori lilifika nusu. Likapita nusu. Mama yake, aliyesimama mbali, alishika ncha ya kanga yake akaisokota kama anayesali.

Keremkerem alitua kwenye waya.

Alikuwa na nyuki mdomoni. Alimtazama Cherehani kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Msichana hakupepesa. Ndege aliruka, akazunguka, akarudi kwenye waya, kana kwamba anampa nafasi ya mwisho ya kuharibu. Kisha akashuka kama mshale hadi kwenye tundu la juu, akazama ndani. Kutoka mle udongoni zikasikika sauti nyembamba za wengi wanaogombea kitu kimoja. Alipotoka, mdomo ulikuwa mtupu.

Koleo zilikuwa zimenyamaza.

"Ameingia na chakula, ametoka bila," msimamizi alisema taratibu. Aliinama mwenyewe, akaiokota kamba, akaanza kuifunga tena. "Haya, rudini upande mweupe. Mchanga ni mchanga."

Mama Mkate hakumpongeza. Alimwambia kwamba safari ijayo atabaki kuangalia duka, kwa kuwa ile ya bwawani aliila kabla ya kuilipia. Na kwamba zamu zote za ukingoni tangu siku ile ni zake. Cherehani alizikaa. Siku nyingine miguu ilimwasha hadi machozi, lakini aliikalia. Aliyaona makinda yakichungulia, kisha yakitua kwenye waya yakitetemeka, kisha yakiwinda yenyewe na kukosa.

Jioni moja aliingia dukani, vumbi jekundu likiwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Profesa alikuwa kaunta akinunua mkate, akatega sikio.

"Enhe?" Mama Mkate aliuliza.

Cherehani hakuharakisha. "Nimekaa tangu mchana hadi jua limezama. Sikuondoka. Hakuna."

Mama Mkate hakulirudia neno lile kwa kuuliza. Alifuta mikono, akachukua simu, akampigia msimamizi. "Hakuna," alisema, akakata.

Kisha akamgeukia msichana. "Sikiliza, mwanangu. Sijaona ni neno la kila mtu, na wala si aibu kulisema. Hata mimi hulisema kila siku. Lakini hakuna ni neno la kukaliwa. Usiwape watu neno ambalo hujalikalia, maana wao watachimba."

Alimkatia kipande cha mkate wa moto. Cherehani alikila amesimama, na chini ya kaunta mguu wake mmoja ulikuwa umeanza tena kushona.