Ujumbe Uliomfikia Shangazi

Shangazi alikuwa anafua nguo ujumbe ulipoingia kwenye simu yake. Alisoma: "Majibu ya vipimo vyako si mazuri. Fika zahanati leo." Aliacha nguo kwenye beseni. Goti lilimuuma, lakini alitembea hadi zahanati, roho mkononi. Nesi akatazama faili lake. Vipimo vilikuwa vizuri. Hakuna aliyemwita.

Nesi alipoulizia, ikajulikana kuwa ujumbe ule ulitoka kwa binti wa kaka yake shangazi, mwandishi wa programu za kompyuta. Alikuwa anajaribu programu ya zahanati kwa namba za wagonjwa wa kweli. Watu kumi na wanane waliupata.

Jioni shangazi alimfuata.

"Njia nzima nilikuwa nawaza nani atawalea wajukuu wangu," alisema. "Wewe unajaribu mashine. Mbona ulinijaribu mimi?"

Kesho yake bosi wa binti alimwambia yalikuwa majaribio tu, malalamiko yataisha. Binti alipandwa na hasira. Alikataa kujaribu tena mpaka kosa lirekebishwe.

Jirani yake wa meza, waliyemwita Mama Hakiki, akavuta kiti. Alimweleza kwamba katika Ruby, lugha waliyoandikia programu, wakati wa jaribio programu haipewi mtumaji wa kweli, yaani ile sehemu inayopeleka ujumbe kwenye simu. Inapewa wa kuigiza, aitwaye moki.

"Moki hatumi kitu," alisema. "Unamwambia mapema: utaitwa mara moja, kwa namba hii na maneno haya. Asipoitwa hivyo, jaribio linafeli."

Binti akaunda moki. Jaribio likapita. Mama Hakiki akafuta tarakimu moja kwenye namba, kwa programu na kwa moki pia. Likapita tena.

"Huyu anaitikia kila anachoambiwa," alisema. "Mwongezee akili."

Wakamwongezea moki sheria mbili: akatae namba pungufu, na akatae amri ambayo mtumaji wa kweli haijui. Papo hapo jaribio likafeli. Kwa ujumbe wa kukumbusha, programu ilikuwa ikitumia amri iliyokwisha kufutwa kwa mtumaji wa kweli. Wangeiacha hivyo, wagonjwa wasingekumbushwa siku zao za kliniki. Wakarekebisha.

Binti aliwapigia wote kumi na wanane mwenyewe, akawaomba radhi. Shangazi alikuwa wa mwisho.

"Leo mmejaribu?"

"Mara arobaini, shangazi."

"Mbona sijapata kitu?"

"Hakuna atakayepata tena."

"Wewe nimekusamehe," alisema shangazi. "Huyo bosi wako naye atanipigia lini?"