Honi Iliyolia Upande Mmoja

Sikilizeni, wenye magari, nanyi mnaoyafungulia malango.

Jumamosi moja ya mwaka 1968, mtaa wa Hurlingham, Nairobi, ulikuwa umetulia. Mbithe alianika shuka, na bintiye mdogo, Kasyoka, akachora ng'ombe kwa mkaa kwenye njia ya gari. Mtoto alikuwa amefunzwa: ukisikia honi ya baba, toka njiani.

Mume wa Mbithe, Kisilu, karani wizarani, aliing'arisha Peugeot yake hata ukaweza kujitazama mlangoni. Lakini nyumba haikuwa na amani. Akitoka kazini mjini, honi ililia, lango likafunguliwa. Akitoka mtaa wa Karen kwa kaka yake, alilikuta limefungwa.

"Mama Kasyoka, masikio umeyaweka wapi?"

"Hukupiga honi, Baba Kasyoka."

"Nimepiga mpaka kidole kimechoka. Ama nikuletee tarumbeta?"

Mbithe aliyameza maneno hayo. Jamani, ni wake wangapi huyameza hivyo? Ila aliendelea kuwaza. Mumewe akitoka mjini, gari hukata kushoto kuingia langoni. Akitoka Karen, hukata kulia.

"Hebu zungusha usukani kulia, kisha ubonyeze honi," alimwambia.

Kisilu akacheka. "Sasa mpishi amekuwa fundi."

Tangu hapo, kila Jumamosi, siku yake ya kwenda Karen, lango liliachwa wazi ili wasigombane.

Basi Jumamosi hiyo gari la Kisilu likatokea upande wa Karen. Mbithe aliona kidole gumba cha mumewe kikibonyeza katikati ya usukani. Kimya. Kasyoka hakuinua kichwa. Mama alitupa shuka, akaruka, akamnyakua. Gurudumu likasimama juu ya pembe za ng'ombe.

Kisilu hakushuka mara moja. Akazungusha usukani kushoto, akabonyeza: honi. Kulia: kimya. Akarudia.

"Uliniambia," akasema.

"Nilikuambia."

Jumatatu fundi aliufungua usukani. Kibati cha shaba kinachopitisha umeme wa honi kilikuwa kimelika upande mmoja, hakigusi tena. Akaweka kipya.

Na lango? Siku hizi Kisilu husimama nje, akashuka, akalifungua mwenyewe, akitazama njia yote kabla ya kuingia.

FUNZO

Honi inayolia ukikata huku na kunyamaza ukikata kule imekwisha kukuambia kwamba imechakaa. Ipeleke kwa fundi ungali unaweza kucheka. Na wa nyumbani mwako akikuonyesha kasoro, ijaribu kwanza, ndipo ubishe.