Niko Vava

Mambo haya niliambiwa na Ruguru, mwezi wa saba, siku aliyokuja kunisaidia kupalilia viazi. Alisimulia huku amepiga magoti kwenye mtaro. Mara anacheka, mara anafuta macho kwa mkono wenye udongo.

Ruguru ana binti mmoja, Wanjira, wa miaka kumi na minne. Walikuwa wakiishi kwao Mbeere, karibu na Kiritiri, mahali pa jua kali. Mvua ilipokosekana misimu miwili, Ruguru alipata kazi Timau, chini ya mlima, kwenye shamba la maua. Wakahama na magodoro mawili, sufuria tatu na kuku mmoja. Kuku alikufa kwa baridi wiki ya kwanza.

Timau ni baridi ya kuuma meno. Saa kumi na moja asubuhi Ruguru alikuwa akiwasha jiko, anachemsha chai, anavaa viatu vya gambuti na kuondoka. Wanjira alikunywa chai yake, akafunga mlango kwa kufuli, akaenda shule. Aliporudi aliteka maji, akapika. Kila jioni mama yake aliuliza, "Shule ilikuwaje?"

"Sawa," Wanjira alijibu.

Neno hilo moja tu. Ruguru hakuona ajabu. Mtoto wake alikuwa na haya tangu mdogo.

Ijumaa ya wiki ya tatu, Wanjira alileta barua. Aliiweka mezani, akageuka kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Ruguru alisoma polepole. "Mwanafunzi huyu amekosa shule siku kumi na nne. Mzazi afike Jumatatu asubuhi. Asipofika, nafasi ya mwanafunzi atapewa mwingine."

Akaisoma tena.

"Wanjira. Siku kumi na nne umekuwa ukienda wapi?"

"Shule."

"Usinidanganye. Mimi nainama kwenye maua mpaka mgongo unakatika, wewe unazurura Timau?"

"Mami, naenda shule. Kila siku."

"Basi hawa wameandika nini hapa?"

Wanjira alikaa chini. Akasema yote.

Siku ya kwanza, Mwalimu Riungu aliita majina. Darasa lilikuwa na watoto sabini na wawili. Alipofika kwa "Wanjira", moyo wa binti uliruka. Alitaka kusema "Niko hapa." Ulimi ulirudi nyumbani bila yeye. Akasema, "Niko vava."

Kwa Kimbeere, vava ni hapa. Lakini Timau ni Umeru, na huko hawasemi hivyo. Darasa zima lilicheka. Kijana mmoja wa nyuma, Mutugi, akarudia, "Vava, vava," kama mtu anayeita bata. Mwalimu alisema, "Nyamazeni," akaendelea na rejista, macho kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo Wanjira aliitwa Vava. Na tangu siku hiyo hakuitika tena. Jina lake likiitwa, aliinua mkono. Lakini Mwalimu Riungu alisikiliza kwa masikio tu. Asiyeitika, hayupo. Akaweka alama ya kukosa. Siku kumi na nne.

"Sasa ungesema tu 'niko'," Ruguru alisema. "Ni neno moja."

"Koo linafunga, mami. Silifungi mimi." Wanjira alianza kulia. "Sirudi huko. Nitakuja kuchuma maua na wewe."

"Hawaandiki mtoto kazi. Na hata wangeandika, si wewe."

Kuta za hiyo ploti ya vyumba vya kupanga ni mbao. Mtu akikohoa, jirani humwambia pole. Mlango ukagongwa, akaingia Barwaqo, ambaye watu wa ploti humwita Mama Liban. Alizaliwa Majengo, mjini Meru, na anauza sweta za mtumba sokoni. Alikuwa ameshika birika la chai ya tangawizi.

"Msinichukie," alisema. "Sikusikiliza. Nilisikia tu."

Akamimina chai. Akamtazama Wanjira.

"Unajua sokoni wananiita nani?"

"Mama Bamba," Wanjira alisema kwa sauti ndogo.

"Unajua kwa nini? Nyumbani kwetu tulisema Kisomali. Kisomali hakina P. Siku ya kwanza sokoni nilitaka kuita 'Sweta za pamba.' Ikatoka 'Sweta za bamba.' Walicheka mpaka muuza ndizi akakaa chini. Nilikunja turubai langu, nikaenda nyumbani. Nikakaa siku tano."

"Kisha?"

"Kisha unga ukaisha." Mama Liban alikunywa chai. "Nikarudi. Wakaniita Mama Bamba. Nikasema, ndiyo, ndiye mimi, njoo ununue. Leo mtu akitoka Kibirichia anauliza, 'Mama Bamba yuko wapi?' Hakuna anayeuliza Barwaqo."

Ruguru akasema, "Lakini huyu wangu ana haya sana, Mama Liban. Amezaliwa hivyo."

Mama Liban aliweka kikombe chini.

"Mama Wanjira, nisamehe. Tangu mhamie hapa nimekusikia ukisema hivyo mara ngapi? Mgeni akija, 'huyu ana haya.' Dukani, 'huyu hasemi.' Mtoto ukimshonea nguo, ataivaa."

Ruguru aliniambia neno hilo lilimchoma kuliko barua.

"Haya si ugonjwa," Mama Liban aliendelea. "Wala si ujinga. Ni mwili unafikiri kuna chui. Moyo unaenda mbio, koo linafunga. Usingoje woga uishe ndipo useme. Hauishi. Sema nao ukiwa humo humo. Kanyaga chini kwa nguvu, usikie miguu yako. Toa pumzi yote nje, polepole. Usiangalie umati. Tafuta uso mmoja, useme na huo. Darasani unakaa na nani?"

"Nelius."

"Mbaya?"

"Hapana. Hunipa rula."

"Umewahi kumwambia asante?"

Wanjira alitikisa kichwa.

"Anzia hapo. Mtu mmoja, sentensi moja. Na kesho uje sokoni. Sauti ni kama kisu, bila kunolewa inashika kutu."

Jumamosi Wanjira alisimama mbele ya rundo la sweta. Mama Liban alikaa nyuma kwenye kigoda.

"Ita."

"Sweta," Wanjira alisema.

"Unamuuzia nani, hilo rundo? Ita watu."

"Sweta hapa."

"Yule mbuzi pale amesikia. Bado watu."

Wanjira alikanyaga chini. Alitoa pumzi. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayetwanga. Alitafuta uso mmoja, akauona: mwanamke mwenye gambuti, kitambaa chekundu kichwani. Akafungua mdomo, na ulimi ukarudi nyumbani tena.

"Sweta vava! Sweta ziko vava!"

Alitaka ardhi immeze. Lakini yule mwanamke alisimama.

"Nani anaita vava?" Akageuka kwa wenzake wawili. "Njooni, kuna mtoto wa kwetu." Walikuwa wafanyakazi wa shamba la maua, mmoja wa Siakago huko Mbeere, wawili wa Embu, ambako nako husemwa vava. Wakamsalimia kwa Kimbeere, wakamuuliza ni wa nani, wakachagua sweta huku wakilaani baridi. Wanjira akajibu kila swali bila kujua anajibu.

Walipoondoka, alipita Mutugi na mkokoteni wa viazi wa baba yake. Akamwona. Akacheka.

"Vava!"

Mama Liban aliendelea kukunja sweta. Wanjira alikanyaga chini, akamtazama usoni.

"Ndiyo," alisema. "Sweta ziko vava. Yako ni saizi gani? Naona mikono imekuwa mifupi."

Muuza ndizi akacheka kwanza, kisha wengine. Mutugi alivuta mikono ya sweta yake mpaka kwenye viganja, akasukuma mkokoteni haraka kidogo.

Jumatatu Ruguru aliomba ruhusa kazini, akafuatana na binti yake. Njiani alisema, "Nitamwambia mwalimu yote."

"Hapana, mami. Wewe kaa mlangoni. Nitasema mimi."

Ruguru alitaka kusema, "Utaweza?" Akalimeza neno.

Darasani Wanjira alimwambia Nelius, "Asante kwa rula. Sikuwahi kukuambia." Nelius alimtazama kama mtu aliyesikia dawati likiongea, kisha akatabasamu.

Mwalimu Riungu alifungua rejista, akaanza kuita, kichwa chini. Akafika.

"Wanjira."

Wanjira alisimama. Akakanyaga sakafu, akatoa pumzi. Alichagua uso mmoja, wa mwalimu, ingawa ulikuwa bado kwenye karatasi.

"Niko vava, mwalimu."

Kicheko kikapanda. Hakukaa. Alingoja kama anavyongojwa mteja mgumu, mpaka kikaisha chenyewe.

"Vava ni hapa," alisema. Sauti yake ilifika mlangoni kwa mama yake. "Kwetu tunasema hivyo. Kila siku ulipoita jina langu niliinua mkono. Hukuangalia. Nimeandikwa sipo siku kumi na nne na mimi niko hapa. Mgeni ni siku mbili. Mimi nina wiki tatu. Naomba alama zangu zirekebishwe."

Mwalimu Riungu aliinua kichwa. Ruguru anaapa ndiyo mara ya kwanza mwalimu aliona binti yake ana sura gani.

"Ni kweli?" aliuliza darasa.

Nelius akasimama. "Ni kweli, mwalimu. Mimi hukaa naye. Hajakosa hata siku moja."

Mwalimu alitazama rejista. "Ungeniambia mapema, Wanjira," alisema. "Na mimi nilipaswa kuangalia. Kosa kubwa ni langu." Akachukua kalamu nyekundu, akarekebisha alama moja baada ya nyingine, kumi na nne, na darasa likisubiri. Tangu siku hiyo huita majina macho yakiwa kwa watoto.

Jina la Vava halikuisha. Bado wanamwita hivyo, hata Nelius. Lakini sasa likiitwa, yeye huitika. Moyo bado hukimbia akisimama kusoma mbele ya watu. Huuacha ukimbie, akasoma.

Jioni ya Jumatatu hiyo Wanjira hakusema "sawa". Alieleza tangu kufungua lango mpaka kufunga mfuko. Alieleza wakati wa kupika, wakati wa kula, na wakati wa kuosha vyombo. Ruguru alisikiliza mpaka akalala ameketi, kijiko mkononi. Wanjira alimfunika blanketi, akazima taa, akaendelea kumweleza jirani kupitia ukuta.

"Wanjira, lala," Mama Liban alisema kutoka upande wa pili. "Kesho ni shule."

"Nimelala, Mama Liban."

"Aliyelala haitiki."

Wakacheka, kila mtu upande wake wa mbao. Baridi ilishuka kutoka mlimani. Baada ya muda Mama Liban akauliza tena, polepole, "Vava, bado uko?"

Safari hii hakuitikiwa. Mama Liban akavuta blanketi mpaka masikioni, akalala.