Kiti cha Anselmo

Chokoleti iliishiwa na harufu kabla kengele ya adhuhuri haijalia. Herminia aliinamia kikombe, akanusa tena. Maji matupu, naye aliikoroga mwenyewe kwa mdalasini tele. Ilikuwa ya mwanawe Anselmo, waliyemzika mwezi Machi akiwa na miaka sita. Roho za watoto huja kengele ikilia, zikala harufu, zikaondoka. Siku moja tu kwa mwaka, nayo ni leo.

"Mama," alimnong'oneza mama mkwe wake, Tiburcia, "kuna mtu keshakula."

Tiburcia alitazama madhabahu ya nyumbani: Bikira wa Guadalupe, mishumaa, mkate, kiti kidogo. Kisha akaona sahani ya udongo pembeni. "Hiyo si ya roho asiye na kwao, asiye na wa kumlisha? Si huwekwa nje, juu ya jiwe la langoni?"

"Jana ilinyesha. Nikamwonea huruma, nikaiingiza."

"Na huruma yako hiyo, mwanangu." Bibi kizee alikaa chini. "Umemkaribisha."

Wakamwita msalishaji wa kijiji, Don Hilarión. Alimwaga pombe kidogo sakafuni kuiomba Ardhi radhi, kama walivyofanya babu zake, akapiga ishara ya msalaba, akafukiza ubani, akaanza litania. Hakufika mbali. Moshi wa ubani uligeukia kiti, ukazunguka kitu chenye mabega mapana ya mtu mzima, na harufu ya nguo zilizovundia majini ikajaa chumbani mpaka mishumaa ikafifia, na mzee yule, ambaye hakuwahi kukatisha sala maishani mwake, akaikatisha.

"Hatoki," alisema, akiokota kofia. "Angekuwa pepo mvamizi ningemfukuza. Huyu kaingizwa na mwenye nyumba, mbele ya Bikira. Ni mgeni wako, binti."

Kengele ikalia. Juu ya maua ya manjano yaliyotandazwa toka langoni zikasikika nyayo ndogo, mbio mbio, vile Anselmo alivyokuwa akirudi kutoka shule, zikafika kizingitini, zikasita.

"Mama, nani kakalia kiti changu?"

Herminia alikimbilia kizingitini. Nyuma yake, kitini, mtu akajibu kwa upole, "Pamejaa, mtoto."

Nyayo zikarudi polepole langoni.

Herminia alilia huku akikoroga chokoleti nyingine. Mvua ilikuwa imeanza tena; aliitoa nje, akaiweka juu ya jiwe la langoni, la wasio na kwao. Alipoinama kunusa, harufu ilikuwa imekwisha. Tangu siku hiyo, kila mwaka, humlisha mwanawe hapo, kama mtoto asiye na mama.