Kompyuta Iliyozibwa Pua

Alhamisi asubuhi, Kui-hiang alisimama kando ya mashine yake ya kutarizi, roho mkononi. Sindano ilikuwa ikikimbia juu ya kitambaa chekundu. Bawa la ndege wa dhahabu lilijitokeza taratibu. Lakini macho ya Kui-hiang hayakuwa kwenye bawa. Yalikuwa kwenye kompyuta.

Ilikuwa kompyuta ya mezani, kuukuu, ya miaka kumi na saba. Ndiyo iliyoiongoza mashine ishone wapi. Juzi ilizima yenyewe mara moja. Jana ilizima mara nne. Na kitambaa hicho kilikuwa bendera iliyotakiwa hekaluni Jumamosi alfajiri, itangulie mbele ya sanamu ya Mama Mazu, mungu wa kike wa bahari, kwenye maandamano ya mtaa.

Ila si maandamano yaliyomkosesha raha. Ndege yule alichorwa na marehemu mumewe, Ting-hui. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Mchoro ulikuwa ndani ya kompyuta ile tu, basi. Ikifa kompyuta, Kui-hiang alijiambia, nimempoteza mara ya pili.

Mara kioo kikawa cheusi. Sindano ikasimama.

"Imezima tena! Wan-ju! Lete pakiti nyingine!"

Binti yake alikuja mbio na pakiti ya vitafunio vya mahindi. Pale mjini kwao Lukang, mtu mwenye mashine ya maana huiwekea pakiti kama hiyo kando yake, ili itulie na isilete ukorofi. Lazima iwe ya kijani, kama taa ya mashine iliyo salama. Ukiweka ya njano, umejitafutia balaa mwenyewe.

Kui-hiang aliisukuma pakiti nyuma ya kompyuta, kati ya boksi na ukuta. Aliunganisha viganja, akainama. "Tafadhali, mpenzi, vumilia siku mbili tu." Akabonyeza kitufe. Kompyuta iliwaka. Baada ya dakika saba ikazima.

"Mama, mimi namwita Shangazi Kim-hue," alisema Wan-ju.

Kim-hue alikuwa jirani wa mlango wa tatu. Alifanya kazi kiwandani katika mji wa Kaohsiung miaka ishirini na nane, akiunganisha vifaa vya umeme. Alikuja na taa ya mezani kwapani. Alimkuta Kui-hiang kidole kiko juu ya kitufe.

"Toa mkono! Umeiwasha mara ngapi leo?"

"Kila ikizima naiwasha, dada."

"Mtu akianguka kwa kuzirai, wewe unamwinua unamwambia kimbia? Ikizimazima namna hiyo, hata vilivyomo ndani vinaweza kuharibika."

Kui-hiang aliondoa kidole upesi. "Na mchoro?"

"Hata mchoro. Kaa chini. Tunaanza ukutani, tunakuja ndani polepole."

Kim-hue alichomeka taa yake kwenye soketi ya ukutani. Iliwaka vizuri, haikupepesa. "Umeme upo." Kisha akaukandamiza waya unaoingia nyuma ya kompyuta. Haukuwa umelegea. Halafu akaufuata hadi kwenye ekstensheni iliyokuwa chini ya meza, akaguna.

"Chungu cha umeme kinafanya nini hapa?"

"Nachemsha mayai kwenye chai," alijibu Kui-hiang kwa sauti ndogo.

"Na pasi je? Nayo inapika mayai? Vitu vya moto havichangii ekstensheni na kompyuta. Vinavuta umeme mwingi, siku moja waya utayeyuka muungue nyote." Alivichomoa vyote viwili. "Hilo ni kosa, lakini sidhani kama ndio ugonjwa wenyewe. Inawaka kwa muda gani kabla ya kuzima?"

"Mwanzoni ilikuwa nusu saa. Sasa haimalizi dakika kumi."

"Ikipumzika?"

"Inajikaza kidogo."

"Basi ni joto." Kim-hue alipeleka kiganja nyuma ya kompyuta apime. Kiganja kiligota kwenye pakiti. Alichomoa moja, ya pili, ya tatu. Alichomoa hadi zikafika tisa, na zote zilikuwa na joto.

"Mdogo wangu, umeiziba pua!"

"Kila ikizima niliongeza moja," Kui-hiang alisema. Machozi yalimtoka. "Nilidhani naibembeleza."

"Sikiliza. Kuna kikasha humu ndani kinachopokea umeme wa ukutani. Kinapata moto, kwa hiyo kina feni ya kutoa joto kupitia matundu haya. Joto likikosa njia, kikasha kinajizima kisiungue. Kilikuwa kinalia, wewe ukazidi kukikaba."

Kim-hue alizima swichi, akachomoa waya, akabonyeza kitufe ili kumaliza umeme uliosalia. Walisubiri. Kisha wakaibeba kompyuta hadi barazani na kufungua ubavu wake. Ndani mlijaa manyoya ya nyuzi, mekundu na ya dhahabu.

"Miaka kumi na saba ya bendera," alisema Wan-ju.

Kim-hue alizuia feni isizunguke kwa kijiti cha kulia chakula, akasugua kwa brashi laini. Wan-ju alinyoosha mkono kwenye kikasha cha umeme akiwa na bisibisi. Kim-hue alimdaka.

"Hicho hakifunguliwi! Hata ukichomoa waya, umeme hubaki ndani, unaweza kukuua. Tunakipangusa kwa nje tu. Feni yake ikigoma, au ukisikia harufu ya kuungua, fundi anabadilisha kikasha kizima."

Waliirudisha mezani, mbali na ukuta kwa upana wa viganja viwili. Kui-hiang alibonyeza kitufe. Feni ilizunguka. Upepo ulitoka nyuma. Mara moja akakimbilia mashine ya kutarizi.

"Wewe! Kwanza nakala!" Kim-hue alichomeka flashi.

Hapo ndipo Kui-hiang alipoogopa kuliko wakati wote. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo. Ukafika nusu. Ukasimama. Alimshika binti yake mkono hadi akalalamika. Mstari ukasogea tena, ukafika mwisho.

"Mchoro umepona," alisema Kim-hue. "Weka nakala nyingine nyumbani kwangu. Kwako pakiungua na hayo mayai yako, mchoro utakuwa salama."

Mashine ilishona saa tano mfululizo bila kuzima. Kui-hiang alibakiza pakiti moja tu, kwenye rafu, mbali na matundu. Kim-hue aliiona akacheka, lakini hakuiondoa. Hata kiwandani walikuwa nayo.

Jumamosi alfajiri fataki zililipuka, ngoma zikaanza. Bendera nyekundu iligeuka kwenye kona, ikaingia mtaa wao. Ndege wa dhahabu alipofika mbele ya mlango wao, Wan-ju alimshika mama yake bega.

"Mama, baba anapita."

Kui-hiang aliunganisha viganja, akainama hadi bendera ikapita.